Tutaona alipoanza kukaa chini ya taa

Mbwa wangu anaitwa Tutaona. Jina alipewa na marehemu baba yangu mwaka 2015. Wakati huo alikuwa na mgogoro wa mpaka na jirani yake, na kama wazee wetu wengi aliona ni heri amwite mbwa kwa sauti kila jioni, ujumbe ufike ng'ambo ya michongoma, kuliko kwenda kugombana barazani kwa mtu. Mgogoro uliisha, baba akafariki, mbwa akahamia kwangu na jina lake. Watoto wakalikata, wakawa wanamwita Tuta.

Mimi ni seremala. Karakana iko hapa hapa nyumbani, Kihonda, Morogoro: banda la bati upande wa kushoto wa ua, mabenchi mawili, mashine ya randa, na rundo la mbao ambalo zamani halikukaa mahali pamoja wiki mbili. Kazi ya Tutaona ilikuwa ya usiku. Mchana alifungwa kwa mnyororo, saa moja jioni alifunguliwa, na kuanzia hapo mbao zote za mninga na mtiki zilikuwa mikononi mwake mpaka alfajiri. Kwa miaka mitano sikuwahi kupoteza hata kipande.

Mwishoni mwa 2020 alibadilika. Ukimfungua, badala ya kuzunguka ua anakwenda kulala chini ya taa ya barazani. Ukimsukuma aende nyuma kwenye mbao anapiga hatua mbili tatu, anasimama, anarudi kwenye mwanga. Nikasema huyu amekuwa mvivu. Nikampunguzia chakula, kwa ile imani ya wengi kwamba mbwa akishiba halindi. Haikusaidia. Usiku mmoja ziliibwa mbao nne za mninga kule nyuma, na Tutaona alikuwa palepale chini ya taa, anabweka kuelekea gizani bila kunyanyua mguu. Asubuhi nilimpiga kwa banzi. Zilikuwa mbao za mteja, alishalipa, na hasira yote niliimalizia kwake. Hakukimbia. Alijikunja ukutani akasubiri niishe.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo, na kwa sababu najua yupo mtu anayesoma haya ambaye muda huu ana mbwa "mvivu" wa usiku.

Aliyegundua ni mke wangu, siku umeme ulipokatika. Ilikuwa Februari 2021, kama saa mbili usiku. Tutaona alikuwa anakatiza ua kutoka jikoni kuja barazani, taa zikazima mtaa mzima. Alisimama ghafla kama mtu aliyeshikwa shati. Halafu akalia. Hakubweka, alilia, sauti nyembamba ya mbwa mchanga. Akajaribu hatua moja, akagonga ndoo ya maji iliyokuwa pale tangu asubuhi, akarudi nyuma, akagonga benchi. Mke wangu akawasha tochi ya simu, akammulika usoni. Macho yaliwaka kijani kama sahani mbili, mboni zimefunguka zote, na mwanga ule wa karibu haukuzifanya zisinyae.

"Baba watoto," aliniambia, "huyu mbwa haoni."

Nilibisha. Na asubuhi yake nilipata ushahidi wa kubishia: nilimrushia tonge la ugali, akalidaka hewani. Mbwa anayedaka tonge hewani ana shida gani ya macho? Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Mchana anaona, kwa hiyo tunasema anaona.

Nilipita kwanza duka la dawa za mifugo, nikauziwa tyubu ya tetrasaiklini ya macho, nikampaka wiki tatu bila mabadiliko yoyote. Jamaa mmoja wa mnadani akanishauri nimpulizie sukari iliyosagwa, kama wanavyowafanyia ng'ombe wenye chongo. Mke wangu alikataa katakata, na namshukuru. Sukari, chumvi, majani yaliyotafunwa, vyote hivyo vinachubua kioo cha jicho na kuongeza maumivu mahali ambapo hayakuwepo. Dawa ya kupaka nayo si ya kubahatisha, maana kuna nyingine zenye steroidi ambazo zikiingia kwenye jicho lenye kidonda zinaweza kulitoboa kabisa.

Machi nilimpakia kwenye bajaji, nikampeleka hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo hapa Morogoro. Daktari alikuwa dada mmoja mtulivu, hana haraka. Kwanza hakugusa jicho. Alichukua pamba, akakata donge, akaliachia lianguke mbele ya pua ya Tutaona. Pamba haina sauti wala haipeperushi upepo, kwa hiyo mbwa akiifuata kwa kichwa ni macho tu yanayofanya kazi. Tutaona aliifuata. Akafunga mapazia, akaacha mwanga kidogo, akaachia pamba nyingine. Tutaona hakutikisa hata sikio. Ndipo akachukua kifaa cha kumulika ndani ya jicho, akakaa naye muda mrefu, ananong'ona naye.

Akachukua na damu, kwa sababu huku kwetu kupe wana ugonjwa unaoweza kufanya damu ivuje ndani ya jicho na kumpofusha mbwa, na huo una dawa ukiwahiwa. Hakuwa nao. Mtoto wa jicho nao hakuwa nao kwa wakati ule. Presha ya macho ilikuwa sawa. Alichokuwa nacho ni kunyauka kwa retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Alinieleza hivi: kuna seli za kuonea gizani na seli za kuonea mwangani, na katika ugonjwa huu zinazotangulia kufa ni zile za gizani. Za mchana hufuata, taratibu, kwa miezi au miaka. Hauumi. Hauna dawa.

"Alikuwa anakaa chini ya taa kwa sababu, usiku, pale ndipo mahali pekee alipokuwa anaona," daktari akasema. "Ukimtoa pale ulikuwa unamtoa kwenye dunia yake yote."

Sikuweza kumjibu. Nilimwangalia Tutaona, naye alikuwa ameegemeza kichwa kwenye goti langu, goti la mtu aliyempiga.

Aliniuliza kuhusu wazazi wake. Nikamwambia ninavyojua: chotara wa Labrador, baba na mama walizaliwa ua mmoja, ndugu. Akatikisa kichwa. Ugonjwa huu ni wa kurithi, na mara nyingi mbwa anaweza kubeba kasoro hiyo bila kuugua, mpaka akutane na mwenzake mwenye kasoro ileile ndipo watoto wapofuke. Kuzalisha ndugu kwa ndugu ndiyo njia ya mkato ya kuwakutanisha. Tutaona alihasiwa mwezi uliofuata. Lakini alikuwa ameshazaa, watoto wanne kwa jike mmoja wa Mazimbu, na ilinibidi nizunguke nyumba kwa nyumba kuwaambia wenyewe. Wawili walinishukuru. Mmoja alinifokea kwamba namharibia biashara ya kuuza watoto wa mbwa. Wa nne alikuwa ameshahama. Ile safari ilikuwa ngumu, lakini naona ni sehemu ya kumfuga mbwa wa namna hii. Huwezi kujua halafu ukanyamaza.

Nyumbani niliendelea na mtihani wa pamba. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mara moja saa sita mchana, mara moja magharibi, naandika kwa penseli yangu ya kazi kwenye ubao nyuma ya mlango wa karakana. Ubao huo ninao bado. Unaonyesha magharibi yanazima kwanza. Halafu siku za mawingu. Halafu pembeni, anaona kilicho mbele ya pua tu. Desemba 2021 kuna maneno haya: "mchana, jua kali, kaona, ila kachelewa." Julai 2022 nimeandika "hapana" mara mbili, na baada ya hapo hakuna kitu.

Ule muda wa kati, wa karibu mwaka na nusu, nilidhani ni wa kusubiri balaa. Daktari alikuwa ameniambia niutumie. Mbwa anajenga ramani ya mahali kwa miguu, pua na masharubu, na ni rahisi kuijenga huku macho yakimsaidia kuliko baada ya kuzima. Kazi ikawa kwamba mwenye ua ndiye abadilike, na ua wa seremala ndio mbaya kuliko yote, maana kila siku kuna kitu kimehama.

Kwanza niliondoa mnyororo. Sikumwekea hata kamba ya shingoni, kwa kuwa kuvuta shingo kunapandisha presha ndani ya jicho. Fundi viatu wa pale stendi alinishonea mkanda wa kifuani kwa kanda za begi la shule, bei ya soda chache. Halafu mbao. Nilipima ua kwa tepu kama ninavyopima kabati, nikachora chini kwa chokaa: hapa mbao, hapa mabanzi, hapa maranda, hapa pikipiki ya wateja, na hapa katikati pasiwekwe kitu chochote, iwe mchana, iwe usiku, awe nani. Vijana wangu wawili wa kazi walinuna. Mteja mmoja aliegesha pikipiki njiani, nikamwomba aisogeze, akaniuliza kama ua ni wa kwangu au wa mbwa. Nilimjibu ni wa wote, naye akaisogeza.

Kutoka barazani mpaka kwenye banda lake nilitandika mabanzi mawili sambamba, yamelala chini, kimo cha kifundo cha mguu, katikati njia ya upana wa mbwa. Siku ya kwanza aliyaruka. Ya pili akayanusa. Wiki ya tatu alikuwa anatembea huku bega lake likiligusa banzi la kulia kwa mbali, kama mtu anayepapasa ukuta usiku. Mbele ya ngazi ya baraza nikaweka gunia la katani, mbele ya mtaro wa maji machafu nikamwaga kokoto. Mguu ukikanyaga gunia, kuna ngazi. Ukikanyaga kokoto, rudi. Kuzunguka shimo la taka mke wangu alipanda mchaichai. Harufu yake inafika kabla shimo halijafika, na chai tunapata.

Jiko la mkaa ndilo lililotutisha. Sisi tunapikia nje, na mbwa anafuata harufu ya chakula. Alishaunguza masharubu ya upande mmoja siku moja tu nilipochelewa kumwita. Nikajenga kikuta cha tofali kimo cha goti pande tatu, jiko ndani yake, na hapo hapo tukaamua kwamba Tutaona hali jikoni tena hata mfupa mmoja. Chakula chake kikawa upande wa pili wa ua, bakuli lilelile, saa zilezile. Baada ya mwezi pua yake ilikuwa imeacha kuzunguka jikoni.

Kosa langu kubwa la kipindi hicho lilikuwa la huruma. Nilipomwona anasitasita nilimbeba. Ana kilo ishirini na saba, na mimi mgongo wangu ni wa kuinamia randa, lakini nilimbeba. Nikimtua anazubaa, anazunguka mahali pamoja, analia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nikimnyanyua namfutia ramani: amepaa kutoka mahali anapopajua akatua mahali asipopajua. Sasa habebwi. Ikibidi abebwe, kwa mfano tukitoka hospitali, anatuliwa mbele ya bakuli lake la maji, palepale siku zote, na kutoka hapo anajua kila kitu kilipo.

Kuna kijana jirani yetu aliyewahi kufanya kazi APOPO, wale wanaofundisha panya buku pale SUA tangu mwaka 2000. Watu wa Morogoro tunawajua panya hao tangu zamani, lakini wengine walisikia 2020, pale Magawa, panya aliyezaliwa hapa Tanzania, alipopewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Kijana huyo alisimama langoni siku moja, akanitazama ninavyohangaika kumwita Tutaona kwa kupiga makofi, akacheka kidogo kwa upole.

"Shikamoo mzee. Unamchanganya," akasema. "Panya buku macho yake ni dhaifu, tunamfundisha kwa pua na mlio mmoja. Mlio ule ule, halafu ndizi. Hakuna mlio mwingine."

Alikwenda kwao akarudi na kifuniko cha chupa ya jamu, kile ambacho ukikibonyeza katikati kinalia tiki. Tiki, dagaa. Tiki, dagaa. Siku mbili za kwanza hakuna kingine, mpaka ikawa mbwa akisikia tiki anameza mate. Kuanzia hapo tiki ikawa na maana ya "hapo hapo, umepatia." Akigusa gunia kwa mguu, tiki. Akisimama nikisema "simama," tiki. Tulimfundisha maneno sita tu: simama, panda, shuka, geuka, njoo, basi. Familia nzima tulikubaliana kutumia hayo hayo. Mtoto mmoja akisema "njoo" na mwingine "kuja hapa" na mama "haya twende," kwa mbwa anayeona ni sawa, anaangalia mkono. Huyu anabaki na sauti peke yake. "Simama" limeshamwokoa mara mbili kwenye mtaro na mara moja barabarani.

Siku aliyomng'ata mwanangu wa mwisho ilikuwa kipindi hicho hicho. Mtoto alikuwa na miaka saba, alitoka shule, akamkuta Tutaona amelala, akamkumbatia kama alivyozoea. Tutaona alishtuka usingizini akageuka na meno. Mkwaruzo kwenye mkono, damu kidogo. Mama yake alimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili, kisha tukampeleka hospitali ingawa mbwa alikuwa na cheti cha chanjo ya kichaa kisichopitwa na wakati. Chanjo ya mbwa isimfanye mtu abaki nyumbani.

Jioni baba mkwe alipiga simu. Habari zilikuwa zimefika.

"Mwanangu, mbwa kipofu halindi, na sasa anang'ata wajukuu wangu. Mtafutie sindano, mambo yaishe."

"Nimekusikia, baba," nilimjibu. "Naomba nilale nalo."

Sikulala. Nilikaa barazani, Tutaona miguuni. Baba mkwe si mkatili. Anaongea kama tulivyolelewa: mbwa yupo nyumbani kwa kazi, kazi ikiisha na yeye ameisha. Lakini nilikuwa nikihesabu. Miaka mitano kiumbe huyu alilala nje kwenye mvua ili mimi nilale ndani. Ada za watoto zilitoka kwenye zile mbao. Nikimwua kwa sababu macho yaliyochoka akinilinda yamezima, nitakuwa nimemlipa fadhila ya punda. Na yule mtoto hakung'atwa na mbwa mkali, aling'atwa na mbwa aliyeguswa gizani na mtu asiyemtambua. Mimi mwenyewe ukinishika hivyo usingizini nitarusha ngumi.

Nilimpigia baba mkwe asubuhi, nikamwambia mbwa anabaki, na nikamweleza sheria mpya ya nyumba. Ni moja: ita kwanza, sogea, ita tena, mnusishe mkono, ndipo uguse. Akiwa amelala, piga mguu chini kwanza, ardhi imwambie. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyeishika kuliko wote. Mpaka leo wageni wakifika anawasimamisha langoni anawafundisha. Hajang'atwa mtu tena.

Upande wa pili wa ukuta wetu anakaa babu mmoja, Mwislamu mshika dini, ambaye mbwa hamgusi wala haruhusu amguse, na nimemheshimu hivyo siku zote. Siku ya kiangazi kikali niliporudi kutoka mjini nilimkuta anasukuma bakuli la bati lenye maji kwa fimbo kupitia uwazi wa ukuta, taratibu, mpaka lifike puani kwa Tutaona aliyekuwa ameketi upande ule asijue bakuli lake limepinduka. Nikamsalimia, nikamshukuru. Akanikumbusha hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Kisha akasema, "Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Huyu wako haoni ufuko, mwanangu. Basi umwite."

Neno hilo la "umwite" nimelitumia kila siku. Nikipita karibu yake nasema neno, hata kama sina la kusema. Nikiwa kwenye randa napiga mluzi kila baada ya muda, ajue nilipo. Anayekaa gizani hahitaji kelele nyingi, anahitaji kujua kwamba watu wake wapo na wapo wapi.

Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni mvua. Masika ya 2022, akiwa amebakiwa na mwanga kidogo wa mchana, nilidhani mvua ni tope tu. Lakini sisi tumeezeka bati. Mvua ya milima ya Uluguru ikishuka kwenye bati, ndani na nje, hata wewe ukipaza sauti humsikii aliye mlango wa pili. Masikio yake yakafa hapo hapo. Na maji yanaosha harufu: njia yote aliyoijenga kwa pua, mkojo wake mwenyewe kwenye kona, maranda, miguu yetu, vyote vinakwenda na mtaro. Nilimkuta katikati ya ua amesimama wima, maji yanamtiririka, hasogei mbele wala nyuma. Mabanzi yalikuwa mita mbili kutoka kwake, hakujua yako upande gani. Niliita, hakunisikia. Nikatoka, nikapiga mguu chini mbele yake, nikamwekea mkono puani, naye akaegemea mguu wangu kwa uzito wake wote.

Tangu hapo mawingu yakifunga mlima naacha kazi, Tutaona anaingia barazani kabla ya tone la kwanza. Mvua ikiisha hatoki peke yake. Tunatoka wote wawili, polepole, kutoka kona hadi kona, anakojoa tena sehemu zake zote kama mtu anayeandika upya daftari lililolowa. Inachukua kama nusu saa. Wateja wanasubiri.

Julai ile ya "hapana" mbili ilikuwa mbaya. Alilala. Alikula nusu ya nusu. Nikimwita anainua kichwa, anakirudisha chini. Niliyakumbuka maneno ya baba mkwe na nikawaza labda nilikuwa nimemng'ang'ania kwa ajili yangu, kwa ajili ya lile banzi nililompigia, na siyo kwa ajili yake. Nilirudi kwa daktari. Alimkagua, akaniambia hana maumivu, ila wengine hupita kipindi hiki mwanga wa mwisho unapozima, nimpe wiki kadhaa na nisibadilishe ratiba hata chembe. Sikubadilisha. Saa kumi na mbili asubuhi maji, saa moja ua, saa kumi jioni matembezi mpaka barabara ya vumbi na kurudi, hata siku alizokuwa anaburuta miguu.

Wiki ya nne lilikuja lori la mtiki. Mbao mbichi, zinanuka mafuta na jani. Vijana wanashusha, kelele tele, mimi nahesabu. Nikahisi kitu kinapita mguuni. Tutaona alikuwa ametoka barazani mwenyewe, amefuata banzi la kulia mpaka mwisho, amevuka uwazi, na sasa alikuwa kwenye rundo ananusa mbao moja baada ya nyingine, kichwani mpaka mguuni, kama alivyokuwa akifanya zamani mzigo ukifika. Vijana wakasimama na mbao mabegani. Sikuwaambia wasimame.

Sasa ana miaka kumi. Ulinzi wa kuzunguka anaufanya Subira, jike tuliyemchukua 2023 kutoka kwa watu wasiohusiana kabisa na ukoo wake, ana kengele ya mbuzi shingoni ili mzee ajue anakopita. Lakini wa kwanza kubweka ni Tutaona. Anaitambua pikipiki ya kila mtu wa mtaa huu. Treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya, ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, honi yake ilimsumbua siku chache, halafu akaiingiza kwenye hesabu zake, na leo ikipita hata sikio hainui.

Jicho la kushoto limeanza kuwa jeupe. Ni mtoto wa jicho, kama daktari alivyoniambia tangu mwanzo kwamba huwa anafuata. Kumtoa kwa upasuaji hakutarudisha kitu, kwa kuwa nyuma yake retina imeshakufa. Ninachotakiwa ni kuchunga: likiwa jekundu, likivimba, likitoa machozi sana, au akianza kulifumba na kusugua uso chini, hiyo ni presha au uvimbe wa ndani, na huo unauma, niwahi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kufungua karakana namwita, nasogea, namwita tena, nampa mkono anuse, namshika taya, namulika kwa tochi.

Leo lilikuwa jeupe kama jana. Halikuwa jekundu. Nikabonyeza kifuniko cha jamu, nikampa dagaa wake, akageuka, akatafuta banzi la kulia kwa bega, akaenda zake.